Hela ya TASAF na ba'mdogo wangu

Mwaka 2016 nilikuwa Iramba kwa bibi mzaa baba, nimemaliza chuo na ajira za serikali ndo zimesimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, kwahiyo nipo nipo tu nakula ugali wa bibi. Bibi alikuwa mlengwa wa TASAF, ule mpango wa kunusuru kaya maskini, analea watoto wawili wa marehemu shangazi. Enzi hizo hela ilikuwa inakuja kila baada ya miezi miwili, ya msingi 10,000 kwa mwezi halafu walikuwa wanaongeza ya watoto, na mtoto asipohudhuria shule walikuwa wanakata.

Siku ya malipo nikamsindikiza ofisi ya kijiji. Foleni ndefu, jua kali, pembeni vijana wa boda wanawatania wazee wetu eti hela za bure hizo, jembe mtashika lini. Bibi kimya. Mi ndo niliumia, maana alizeti yake alilima mwenyewe, tena kwa jembe la mkono.

Nyumbani akakaa kwenye mkeka akaanza kugawa. Kwanza bahasha ya sadaka, hapo hana mjadala huyu ni Mlutheri wa kufa, halafu madaftari na sare, halafu hisa za kikundi, kinachobaki anatafuta tetea. Mara ba'mdogo huyo, mtu ambaye mchana humuoni. Kaya yetu iliwahi kupata nafasi kwenye ajira za muda za hao hao TASAF, kuchimba lambo kwa 2,300 kwa siku, tukamwandikisha yeye kwa vile bibi umri umeenda, akaenda siku mbili tatu akasema mgongo. Watu wanasema misaada inalemaza, mi nakubali, ila kwetu ilimlemaza ambaye hakuwahi kupanga foleni.

Basi akaiona ile bahasha. "Mama, hela ya serikali unampelekea mchungaji, na mimi mwanao je?"

Bibi hata hakuinua kichwa. "Hii kanipa Mungu, serikali kaituma tu. Na wewe alikupa lambo, ukalikimbia."

Nikacheka bana, nikashindwa kujizuia. Bibi akanigeukia. "Na wewe msomi unacheka nini? Kesho tunapiga alizeti."

Kesho yake nilipiga alizeti mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ba'mdogo alifika saa saba mchana, ugali umeshaiva.