Maruhubi mpaka Mtoni kwa miguu

Leo alfajiri maji yalikuwa yamekupwa, nikamchukua mama tukateremka Maruhubi, hapa Unguja, tukafuata ufuo kuelekea Mtoni. Njia tambarare kabisa, hata mama mwenye magoti mabovu hakulalamika.

Nguzo za kasri la Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, bado zimesimama. Alilijenga miaka ya 1880 kwa ajili ya masuria wake, likaungua 1899. Hamamu yake, yaani nyumba ya kuogea, nayo ipo, na pale mama alikaa kimya muda mrefu akiipapasa kuta. "Mwanangu, wanawake wale nao walikuwa na mama zao," akaniambia. Sikuwa na jibu.

Kisha mikoko. Tope linafika kifundoni, mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, imechomoza juu kama vidole, kaa wanakimbilia mashimoni. Mama ananionyesha: huu mchu, ule mkoko wenyewe, boriti za nyumba yetu ya zamani zilitoka humu. Naumia nikiona visiki vibichi. Mikoko ndiyo inayoshika ufuo wetu usiliwe na bahari.

Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme, binti wa sultani, 1844, tulifika jua limeshapanda. Tukanywa madafu, tukapanda daladala.