Yule dada aliyeanza na baiskeli kabla ya kuja kwangu

Jana jioni nilikua nabadilisha tairi la mbele, nimeshauchomoa ukingo kwenye rimu, ile dawa ya kuziba pancha inayokaa ndani ya tairi ikanimwagikia mkononi na harufu ya amonia ikanipanda puani. Nikaacha kila kitu nikakaa chini. Wanaotumia tairi zisizo na tyubu wanaijua hiyo harufu, wengi wanaiona ni harufu ya kazi tu, ya jioni kabla ya mbio. Kwangu mimi ni harufu ya siku nilipovunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega.

Habari ya bega mnayo, wengi mlinitumia meseji nikiwa bado nimefungwa mkono shingoni na nikawajibu wote kwa kifupi, nimeanguka, mfupa umevunjika, naendelea vizuri, asanteni. Ila kuna kipande sijawahi kukisimulia kwa mtu, hata mwenzangu tunayefanya naye mazoezi kila wiki nilimwambia nusu tu. Ni kile kipande cha pale chini, nikiwa nimelala njiani.

Mbio zenyewe, za baiskeli za mlimani, sina mengi ya kusema. Nilianza vizuri, mlimani nilikua napumua bila kuhangaika, miguu ilikua inaitika. Kulikua na mteremko wa mawe wenye njia mbili kama ilivyo kawaida ya mbio hizi, moja inapita moja kwa moja juu ya mawe na nyingine inazunguka pembeni, hiyo ya pembeni ni rahisi ila inakula sekunde zako. Mi nilikua napita juu ya mawe, nilishapafanyia mazoezi, raundi zote za mwanzo nimepita salama. Upepo kwenye tairi nilikua nimeupunguza kidogo ili lishike ardhi vizuri, hiyo ndo faida kubwa ya tairi bila tyubu, unaendesha na upepo mdogo na hamna tyubu ya kubanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka. Lakini kuna jiwe lina ukingo mkali, nadhani raundi ile lilikua limesogezwa na wengi waliopita kabla yangu, likachana ubavu wa tairi. Sasa ile dawa inaziba tundu la mwiba vizuri sana, hata la msumari, ila ubavu ukichanika haina la kufanya. Gurudumu linazunguka huku linairusha, ikanipiga usoni, nikasikia harufu kabla sijaelewa ni nini, halafu tairi likalala, gurudumu likageuka pembeni na mimi nikapita juu ya usukani nikatua kwa bega la kushoto.

Hapo ndo ningependa kukaa kidogo.

Nililala kwa ubavu, uso umeangalia chini ya mteremko, kwahiyo waliokua wanakuja nyuma sikuwaona, nilikua nawasikia tu. Hilo lilinitisha kuliko maumivu, kwa kweli maumivu yalikua bado hayajafika vizuri. Juu yangu kulikua na kona, mtu akiitoka anakutana na mawe papo hapo, na baada ya mawe ni mimi. Baiskeli ya mlimani mtu asipokanyaga pedali habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, inalia, ule mlio wa haraka haraka, na mimi nausikia unakaribia, najua kabisa huyo anayekuja hana habari kwamba nipo. Nikajaribu kujisukuma na mkono wa kushoto nitoke njiani, na chini ya ngozi pale juu ya kifua nikahisi vitu viwili vinasagana ambavyo siku zote vilikua kitu kimoja. Nikaacha. Sikupiga hata kelele, pumzi ilikua imekata.

Halafu breki zikalia, mawe madogo yakaporomoka hadi mgongoni kwangu, na sauti ya mwanamke ikasema, "Usiinuke kaka. Usiinuke."

Nikamngoja aje. Hakuja. Nikasikia viatu vyake, vile vya kubana kwenye pedali vyenye chuma chini, vinagonga mawe ko ko ko vinaelekea juu, vinanikimbia. Nikajua ananiacha, na sijawahi kujisikia mpweke kama sekunde zile. Kumbe alikua anaipandisha baiskeli yake, akaisimamisha katikati ya njia kabla ya kona, imekingama, mtu yeyote anayeshuka lazima aione kabla hajafika kwangu, halafu akapaza sauti kuelekea juu, "Mtu chini! Mtu chini! Punguza mwendo!" Akasubiri hadi akasikia wa kwanza amefunga breki. Ndo akashuka kuja kwangu.

Baiskeli kwanza, kelele pili, mimi wa tatu. Nimeufikiria huo mpangilio mara nyingi mno. Mimi pale nilikua namtaka aje kwanza, nilimtaka kwa nguvu zote, na angekuja kwanza angepiga magoti pale pale kwenye mstari wa wanaoshuka tukagongwa wote wawili. Watu wengi wenye roho nzuri wangenikimbilia. Yeye alikua na roho nzuri na akili timamu kwa wakati mmoja, huku mapigo ya moyo yakiwa bado ya mbio, na sijui vile vitu vitatu mtu anavishikaje pamoja.

Akapiga magoti upande wa mgongo wangu, akaweka kiganja juu ya helmeti yangu, hakuivua, akaishika tu isisogee. Akaniuliza jina. Akaniuliza tuko mbio gani, raundi ya ngapi, nimetokea wapi kabla ya hapa. Nikadhani ananipotezea mawazo, baadae ndo nikaelewa alikua anapima kama ubongo umetikisika. Jasho lake lilikua linadondoka kutoka kidevuni linaangukia glavu yangu, alikua anahema sana, mlima uliotangulia ule mteremko ni mrefu na yeye alikua ameupanda kwa nguvu, nilimsikia nyuma yangu njia nzima. Wengine wakawa wanapita, wameshuka wanazisukuma baiskeli pembeni ya mawe, wanauliza yuko sawa, anawajibu bila kuinua macho, "Mtulinga. Piteni, mwambieni msimamizi wa hapo chini." Mara moja tu aliinua macho, alipopita dada mmoja aliyevaa nyekundu, akamsindikiza hadi akapotea kwenye miti. Nikajua huyo ndo aliyekua anashindana naye.

Nikamwambia, "Nenda dada, mi niko sawa, wasimamizi wanakuja."

Akasema, "Hapana. Mpaka wafike."

Walipofika aliwaeleza kwa maneno machache, bega la kushoto, hajapoteza fahamu, anajibu vizuri, msimvue helmeti kabla ya kumwangalia shingo. Akanigusa mguu, akaenda kuchukua baiskeli yake akaendelea na mbio. Namba yake ilikua imefunikwa na tope. Uso wake niliuona nusu, chini ya helmeti na miwani. Matokeo yalipotoka niliyasoma majina ya wanawake yote kuanzia juu hadi chini, na karatasi ya matokeo inaandika nafasi na muda basi, haiandiki nani alisimama.

Yaliyofuata ni yale mnayoyajua. Eksirei, mfupa umevunjika katikati kabisa, daktari akasema mitulinga mingi huvunjikia hapo hapo na sababu kubwa ni hiyo hiyo ya kuangukia bega. Vipande vilikua vimepishana ila sio kiasi cha kuhitaji chuma na skrubu, kwahiyo mkono ukafungwa shingoni nikaambiwa nisubiri. Kulala ilikua kwa kuegemea mito, nusu nimekaa. Mazoezi ya mwanzo ni kuinama na kuuacha mkono uning'inie ubembee taratibu bega lisije likagandamana, unabembea tu umesimama pale peke yako. Msuli wa bega uliyeyuka haraka kuliko nilivyodhani mwili unaweza kupoteza kitu. Na kitu kimoja wenye kuvunjika mkisikie, maumivu yanaondoka kabla mfupa haujawa tayari. Kwanza damu inaganda pale, halafu inakuja nyama laini ya kuunganisha, halafu ndo inageuka mfupa, na hata ukishakua mfupa unaendelea kujichonga kwa miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka. Katikati ya hapo kuna siku unaamka huumwi popote na baiskeli iko ukutani inakutazama. Siku hiyo ndo ngumu.

Watu walinitumia sana habari ya Tom Pidcock, yule Mwingereza wa mbio za baiskeli. Aligongwa na gari mazoezini mwishoni mwa Mei 2021, mtulinga ukavunjika, akafanyiwa upasuaji, na tarehe 26 Julai mwaka huo huo akashinda dhahabu ya baiskeli za mlimani kwenye Olimpiki ya Tokyo. Haikufika miezi miwili. Najua mlitaka kunitia moyo na nawashukuru, ila kipindi kile nilikua siwezi hata kuvaa fulana bila kusaidiwa, habari ile ilikua inaniongezea uzito. Iliyonisaidia ni ya Jolanda Neff, yule Mswisi. Desemba 2019 alianguka mazoezini huko North Carolina, bandama likapasuka, pafu likasinyaa, ubavu ukavunjika. Akarudi taratibu. Juni 2021 akaanguka tena akavunjika mkono. Na tarehe 27 Julai 2021, siku moja baada ya Pidcock, akashinda dhahabu ya wanawake, nyuma yake Waswisi wenzake wawili. Kilichonishika sio dhahabu, ni ule muda wa kati, mwaka na nusu na zaidi, na hata huo muda haukwenda moja kwa moja, ulikatwa tena karibu na mwisho. Nikaona kumbe inaruhusiwa kuchukua muda.

Mfupa ukapona. Vidole havikupona. Sijui niseme vipi, nilirudi njiani bega likiwa zima kabisa, mlimani nilikua napanda kama zamani, lakini kila mteremko wenye mawe kidole cha breki ya mbele kinavuta chenyewe, sijakituma. Na mwili unarudi nyuma, makalio yanaenda juu ya gurudumu la nyuma, mikono imenyooka. Ndo hatari yenyewe hiyo, ukikaa nyuma gurudumu la mbele linakosa uzito, halishiki ardhi, kwahiyo woga wa kuanguka unakuangusha kweli. Nilikua nayajua yote haya, nimeshawaeleza wanaoanza mara nyingi tu, na mwili haukunisikiliza. Mchezo huu tangu mwanzo ni mambo ya breki, wale vijana wa California waliokua wanashindana kuteremka karibu na Mlima Tamalpais kuanzia mwaka 1976 walikua na breki ya habu ya nyuma, unairudisha pedali nyuma ndo inashika, na grisi ilikua inaungua kwa joto hadi inatoa moshi, wakifika chini lazima wafungue habu waweke grisi upya. Leo tuna diski zinazoshika kwa kidole kimoja. Kidole kimoja hicho hicho.

Mwenzangu alinipeleka kwenye mawe madogo tu, tukayapita kwa miguu kwanza, tukakaa chini tukayaangalia, akanionyesha mahali pa kuweka macho, sio kwenye jiwe bali pale unapotaka gurudumu liende, halafu tukayapanda na kurudia na kurudia hadi giza. Wiki zikapita. Hakunisukuma hata siku moja na hakuniambia ni kichwani tu. Hilo nalo nitalikumbuka.

Mwaka uliofuata nilirudi mbio zile zile. Nilifika kwenye ule mteremko, nikaona mawe, na raundi zote nikazunguka njia ya pembeni. Nilimaliza, nimechelewa, na nilifurahi sana kumaliza, nilikua karibu kulia. Mwenzangu anasema kuzunguka ilikua ndo akili yenyewe, njia imewekwa pale kwa sababu. Mimi bado sijui. Kuna usiku naona ni hekima na kuna usiku naona bega limeniwekea mpaka ambao sijaukubali, na sijapata namna ya kuvitofautisha hivyo viwili kutokea ndani.

Raundi ya mwisho ya siku ile dada mmoja alinipita pale pale, yeye juu ya mawe mimi pembeni, na sauti aliyosemea "kulia kwako" ilinishtua. Nilimfuata nikashindwa kumfikia. Kwenye mstari wa kumalizia nilizunguka zunguka nikawauliza akina dada wawili watatu kama mwaka jana walisimama kwa mtu, wakasema hapana, mmoja akasema alimuona huyo aliyesimama lakini hamjui ni nani.

Tairi jipya nimeshalivisha, ubavu wake ni mnene kuliko lile, zito kidogo lakini sawa. Jina nimeshaandikisha. Njia gani nitashika pale nitajua nikifika, ila mbele ya usukani nimebandika karatasi ndogo yenye maneno matatu, baiskeli, kelele, mtu, kwa mpangilio huo, maana siku ikiwa zamu yangu kusimama sitaki nianze kufikiria pale pale.