Kielelezo cha Jengo E: sakafu imekauka, taa zimewaka

Kwa anayeingia sasa: naunda kwa mkono, kwa skeli ya 1 kwa 20, Jengo E, lile jengo la waliohukumiwa kifo kwenye The Green Mile, filamu ya Frank Darabont ya 1999. Jela inayoonekana kwa nje ni gereza halisi la zamani la Nashville, Tennessee, lililofungwa 1992, ila mimi na nje hatuna shughuli. Naunda korido tu, ile yenye sakafu ya kijani.

Sakafu imekwisha. Kijani cha dukani kinang'aa mno, kwa hiyo nimekichanganya na nyeupe na njano kidogo, nikapaka plaiwudi mara mbili. Ilipokauka nikapitisha msasa laini katikati tu, kuanzia mlangoni hadi upande wa chumba cha kiti cha umeme, pembeni nikaacha rangi ilivyo. Sasa ukitazama kutoka juu unaona miguu ilipopita.

Nondo za vyumba ni waya wa mafundi ujenzi, ule wa kufungia nondo. Unakuja umejikunjakunja. Funga ncha moja kwenye msumari, nyingine ibane kwenye drili, zungusha taratibu huku unavuta: unanyooka kama rula.

John Coffey, yule mfungwa mwenye uwezo wa kuponya watu, kanisumbua akili. Michael Clarke Duncan, aliyemwigiza, alikuwa na kama sentimita 196, jitu la mtu, lakini James Cromwell, aliyecheza mkuu wa jela, alimzidi urefu. Ule ukubwa unaoutisha moyo ulitengenezwa na mahali kamera ilipowekwa. Kwenye kielelezo sina kamera, kwa hiyo sanamu yake nimeiacha na kipimo chake, nikapunguza kitanda: badala ya sentimita 9.5 nimekata 8. Miguu inaning'inia, na ghafla chumba kizima kimekuwa kidogo.

Sasa taa, ambazo ndizo zilizonivuta kwenye kazi hii. Wengi wakiusimulia muujiza wa filamu ile wanataja vile vidudu vyeusi vinavyomtoka Coffey mdomoni. Kwangu muujiza uko kwenye balbu. Anapomshika Paul Edgecomb, mkuu wa askari wa jengo hilo, kupitia nondo na kumtoa ugonjwa wa mkojo, mwanga unapanda mpaka balbu inapasuka. Umeme uleule unaoua watu chumba cha pili hapa unashangilia mtu kupona. Ondoa taa, unabaki na mfungwa mkubwa kamkaba askari.

LED hazifai: mwanga mweupe wa simu, na ukizipunguzia umeme zinafifia bila kubadilika rangi. Fundi redio wa mtaani kwetu akaniambia, "Kaka, rudi kwenye balbu za tochi za zamani, zile za volti 3.8." Kwa betri mbili zinatoa njano iliyochoka, ya 1935 kabisa. Nimefunga swichi ya njia mbili. Ukiigeuza, betri ya tatu inaingia, volti 3 zinakuwa 4.5, njano inakuwa nyeupe na vivuli vya nondo vinaruka ukutani. Ukishikilia sana, balbu inaungua. Moja imeshaungua, na nilifurahi sana.

Kiti bado. Hapo nina ubishi na filamu yenyewe: hadithi iko Louisiana, 1935, na Louisiana wakati huo walikuwa wakinyonga kwa kamba, kiti cha umeme walianza kukitumia 1941. Lakini bila kiti hakuna sponji, ile inayoloweshwa na kuwekwa kichwani ili umeme upite vizuri, na bila sponji kavu ya askari Percy hakuna kile kifo cha mateso cha mfungwa Delacroix, kwa hiyo nimesamehe. Ndoo ya sponji ni kifuniko cha dawa ya meno. Panya Mr. Jingles, kipenzi cha Delacroix, ni chenga ya mchele ya milimita 4, imepakwa kahawia. Mkia umenishinda uvumilivu, hana.

Nikimaliza kiti naingia chumba chenye kuta za godoro, kile walichomfungia Percy. Kitambaa ninacho, cha shuka kuukuu. Mwenye mbinu ya kushona vimito vidogo hivyo bila gundi kuvuja aniambie.