Nyimbo 11 kwa Senti 99

Kanda ilikuwa ya dakika 90, na juu yake mama alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino maneno mawili tu: Harusi, Kuze. Ndani yake bibi mmoja wa Kuze, mtaa wa Mombasa, aliimba taarabu harusini. Niliondoka nayo Mombasa mwaka 1999, nimeiviringisha ndani ya soksi katikati ya sanduku. Miaka minne niliisikiliza kwa kujinyima, labda siku ya Idi, kwa sababu kila ilipopita kwenye redio kaseti nilihisi inachakaa.

Novemba 2003 niliitia mfukoni nikaenda nayo kwenye mkutano wa chama cha watumiaji wa kompyuta, Columbus, Ohio, Marekani. Walikuwa wakikutana Jumamosi moja kila mwezi katika chumba cha maktaba, watu kama thelathini, wengi wazee waliostaafu. Mwenzangu wa zamu ya usiku ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, nikapapenda. Mtu alikuja na kompyuta yake iliyogoma, wakaifungua mezani, na hakuna aliyetoka bila kusaidiwa. Siku hiyo walikuwa wanazungumzia muziki: namna ya kuununua kwenye intaneti, na namna watu walivyokuwa wakigawana bila kulipa.

Mtoa mada alituonyesha duka la iTunes, ambalo mwezi uliotangulia tu ndipo lilipofika kwenye kompyuta za Windows. Wimbo mmoja senti 99. Unauchagua, kadi yako inakatwa, wimbo unashuka. Una ruhusa ya kuuweka kwenye kompyuta tatu, na orodha ile ile ya nyimbo unaweza kuichoma kwenye CD mara kumi. Wazee walihoji sana hilo la kompyuta tatu. Mmoja alisema santuri zake hakuna aliyewahi kumhesabia amezipigia kwenye gramafoni ngapi.

Kisha mama mmoja akasimama, uso umemparama. Alikuwa na mjukuu anayetumia Kazaa, programu ya kugawana nyimbo kwenye intaneti bila kulipa. Septemba ile makampuni ya muziki yalikuwa yamewashtaki watu 261 kwa kugawa nyimbo, na sheria ya huko inaruhusu fidia ya hadi dola 150,000 kwa kila wimbo. Alikuja na kompyuta nzima, imepakatwa na mwanawe kama mgonjwa. Mtoa mada akaiwasha akatufafanulia: ukishapakua wimbo kwa Kazaa, unakaa kwenye folda ambayo, usipoifunga mwenyewe, iko wazi kwa dunia nzima. Wewe unadhani umechota tu, kumbe nawe umekuwa kisima. Walioshtakiwa walishtakiwa kwa kugawa. Akaifungua ile folda, nyimbo zikajipanga kwenye ukuta, mia kadhaa. Chumba kikanyamaza.

Nami Kazaa nilikuwa nayo, na nilikuwa nimeshaitafuta humo taarabu ya kwetu usiku mwingi baada ya kazi. Kwetu Mombasa tulikua tukinakiliana kanda. Unapeleka kanda tupu dukani, unarekodiwa, jirani anaazima, naye anarekodi yake. Sikuwahi kuliona hilo kuwa wizi. Lakini nilipomtazama yule mama nilijiuliza kwa mara ya kwanza: katika nakala zote zile, aliyeimba alipata nini?

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, na wimbo ambao hauko dukani, wala haujawahi kuwa kwenye santuri yoyote? Nikaitoa kanda.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa simu aliipokea kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akaigeuza, akaniambia kile kipande cha sponji kinachosukumia utepe kwenye kichwa cha kusomea kimeng'oka. Ndiyo maana sauti ilikuwa inafifia. Mimi nilidhani ni uzee. Akafungua skrubu tano kwa bisibisi ndogo, akainua zile roda mbili bila kuuachia utepe, akazihamishia kwenye ganda la kanda nyingine aliyokuwa nayo. Nilishika pumzi mpaka skrubu ya mwisho ilipokaza.

Tukaunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, tukafungua Audacity, programu ya kurekodi sauti. Hapo hakuna njia ya mkato: dakika 45 za upande mmoja huchukua dakika 45. Watu waliendelea na mkutano, sisi wawili tukabaki pembeni na spika za masikioni, kila mtu sikio moja. Tashkota, ile ala ya nyuzi, ilianza, kisha ngoma ya dumbak, kisha sauti ya bibi yule wa Kuze, nzito, bila haraka. Kwenye skrini sauti yake ilikuwa mawimbi mapana, na kila vigelegele vilipopasuka vilisimama kama miiba. Glasi ilidondoka mahali fulani, mtu akacheka. Mzee alijaribu kuondoa mvumo wa utepe, akazidisha, bibi akawa kama anaimba ndani ya mtungi. Tukarudisha ulivyokuwa. Niliutaka na mvumo wake.

Nyimbo zilikuwa 11. Upande mmoja ulikula megabaiti kama 450, na pande zote mbili zisingeenea kwenye CD moja, kwa hiyo tukachoma mbili. Mzee akauliza kama nataka kuziweka Kazaa ili wengine wa kwetu wazipate. Nilitaka, kwa kweli nilitaka sana. Nikamjibu kwamba mwimbaji mwenyewe yu hai, na sijamuuliza.

Usiku ule niliiondoa Kazaa. Nilipotuma pesa za nyumbani mwisho wa mwezi niliongeza dola 10 na senti 89, bei ya nyimbo 11, nikampigia mama simu nimwombe azifikishe Kuze. Mama alishangaa.

"Harusini alishalipwa, mwanangu. Tena alitunzwa vizuri."

"Najua, mama. Hizi ni zangu mimi. Nimemsikiliza miaka minne."

Wiki mbili baadaye akanipigia yeye. Alikuwa amekwenda Alasiri, akakaribishwa kahawa na kashata. Bibi alizipokea zile pesa, akazifunga kwenye pindo la leso, kisha akauliza kama ni kweli sauti yake imehifadhiwa huko Marekani. Mama akamwambia ni kweli. Bibi akasema katika maisha yake ameimba harusi asizoweza kuzihesabu, watu wamerekodi wakaondoka na kanda zao, na yeye nyumbani kwake hana hata moja.

"Anauliza," mama akaniambia, "kama na yeye anaweza kupata."

Jumamosi iliyofuata ya mkutano nilifika mapema, na CD mbili tupu.