Wakili wangu wa kwanza alinishtaki mwenyewe

Naanza na shemeji yangu, maana ushauri wake umenigharimu kuliko aliyevamia kiwanja. Nilipomsimulia kwamba nimekwenda Chanika Jumapili nikakuta mtu kamwaga mawe na kuchimba msingi katikati ya kiwanja changu, aliweka kikombe cha chai chini akasema, "Shem, mawakili wenye ofisi wote wezi. Nina mtu wangu."

Mtu wake tulimkuta nje ya jengo moja la mahakama hapa Dar es Salaam, chini ya mwarobaini. Suti ya kahawia kwenye joto la Desemba, faili kwapani, mhuri mfukoni. Mimi ni fundi cherehani, Tabata, miaka 15 sasa, na jicho langu huanza na nguo: lile koti lilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye mabega mapana kuliko yeye. Hilo peke yake lilitosha kunirudisha nyumbani. Lakini kila aliyepita alimwita "wakili", naye anaitikia kwa Kiingereza, nikalegea. Alinisikiliza dakika tano, karatasi zangu hakutaka hata kuziona, akasema kesi nyepesi hii, wiki mbili imekwisha. Laki moja ya kufungua faili, elfu hamsini ya kumchangamsha karani. Nikauliza risiti. "Mama, risiti utapewa na mahakama."

Siku ya nne akanikabidhi barua. Kurasa tatu, mihuri miwili, Kiingereza kitupu. Nilijisikia mtu mkubwa. Nikaipitisha steshenari kutoa kopi, na yule kijana, ambaye kazi yake kutwa ni kuchapa barua za watu, akawa anaisoma huku mashine inapata moto.

"Mama, wewe ni nani humu?"

Nikamwambia jina langu.

Akauma mdomo. "Basi humu unajidai mwenyewe. Mteja wa wakili ni huyu mwingine. Wewe umepewa siku 14 uondoe vifaa vyako kwenye kiwanja chake."

Aligeuza majina! Halafu juu kabisa ameandika Mahakama Kuu kwa herufi kubwa, wakati ni barua tu ya kudai. Kwa laki moja na nusu nilikuwa nimemnunulia mvamizi wakili. Nilipompigia, akasema ni makosa ya uchapaji, marekebisho elfu thelathini. Shemeji mpaka leo anaamini ningetoa ile elfu thelathini mambo yangekwisha.

Usiku ule binti yangu akaingia e-Wakili, mfumo wa Mahakama unaoonyesha mawakili walioandikishwa na kama leseni zao ziko hai. Jina la bwana suti halimo. Kishoka kabisa. Kutafuta kulichukua muda mfupi kuliko kutunga uzi kwenye sindano, na hakuna malipo zaidi ya bando. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo hata cheti kizuri cha ukutani kisikutoe macho, jina litafute mwenyewe.

Sasa mniruhusu nijisifu. Mle kwenye mfumo majina ni mengi, na leseni hai haikuambii nani anaijua ardhi na nani anajua kuvaa tai. Watu wananiambia, angalia ofisi yake, angalia gari lake. Hivyo ndivyo mnavyoibiwa hata na mafundi! Fundi humpimi kwa gauni lililotundikwa dirishani, unageuza upindo uone ndani. Nikajiuliza, upindo wa wakili unaonekana wapi? Unaonekana pale anapofanyia kazi. Mashauri husikilizwa hadharani, mlango uko wazi. Basi nikafunga kibanda asubuhi tatu, nikaenda kukaa baraza la ardhi na nyumba la wilaya, nyuma kabisa, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri shauri lake. Hakuna aliyeniuliza. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza, kwa hiyo mengi niliyaelewa.

Daftari langu la vipimo, ambapo huandika kifua, kiuno na urefu, nililichorea safu mpya: kawahi, kasoma faili, anamjali mteja. Mmoja alikuwa na sauti ya kuhutubia uwanja mzima, lakini mzee mmoja wa baraza alipomuuliza kiwanja kinapakana na nani upande wa kaskazini, akaanza kupekua faili mpaka nikamwonea huruma. Mwingine kila shauri lake anaomba ahirisho. Nikakata jina. Asubuhi ya tatu akaja mama mmoja mtu mzima, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni, kafika watu bado wanafuta viti. Shauri lake likaahirishwa kwa sababu upande wa pili hawakutokea. Akamchukua mteja wake, mzee wa kanzu, akamketisha koridoni na kumweleza taratibu kilichotokea na tarehe ya kurudi, bila mzee kuuliza. Nikaweka vema tatu. Nikamfuata kwenye ngazi kama mwizi wa kuku, nikamwomba kadi. Jioni e-Wakili ikasema yumo, leseni hai.

Ofisi yake iko Ilala, ghorofani juu ya duka la spea. Kikao cha kwanza elfu hamsini na kidogo, karibu saa nzima. (Asiye nacho kabisa asikae nyumbani kulia. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na hapa Dar kuna taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanaokusikiliza bila kulipa.) Katibu wake aliniambia kwa simu nije na kila karatasi. Nikamwaga vyote kwenye meza ya kukatia. Habari yangu niliiandika kurasa nne, mbili zikiwa ni maneno aliyonitolea mke wa mvamizi siku ile, na niliyomjibu, ambayo yalikuwa mazuri zaidi. Binti akafuta yote. Ikabaki karatasi moja: tarehe, tukio, nani alikuwepo. Nikaongeza picha za msingi, majina na simu za majirani, na taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, maana awamu ya mwisho ya malipo niliituma kwa simu.

Shemeji akapita jioni hiyo na ushauri wake wa pili. "Lile la karatasi usimwambie. Ukimwonyesha wakili udhaifu wako anakupandishia bei."

Lile la karatasi ni hili. Nilinunua mwaka 2018, tukaandikiana, mhuri wa serikali ya mtaa ukagongwa. Mwaka 2021 mvua ikaingia ndani, karatasi ikaloa, maandishi yakatawanyika. Nikamrudia muuzaji, tukaandika nyingine, tukaweka tarehe ileile ya zamani. Hatukuwa na nia mbaya, lakini tulijua si sawa, ndiyo maana tuliandikia chumbani.

Wakili akasoma karatasi yangu ya tarehe, akatikisa kichwa kuridhika. Akachukua hati ya mauziano. Akavaa miwani. Kimya.

"Huyu mwenyekiti wa mtaa aliyesaini hapa aliingia lini?"

Jasho likanishuka mgongoni. Yule aliingia kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019. Amesaini mauzo ya 2018! Mwanamke ameliona kwa dakika mbili, mimi nimeishi nalo miaka bila kuliona. Nikamweleza yote, mpaka mvua. Akaweka kalamu chini.

"Mama, hili swali ningeulizwa mbele ya baraza na upande wa pili, leo ungekuwa unalia. Ile iliyoloa uliitupa?"

Nikasema iko chini ya godoro.

"Basi hiyo ndiyo karatasi yako. Hii nyingine tutaieleza ilivyo."

Wino ulitawanyika kweli, ila dole gumba la muuzaji na mhuri wa zamani vinasomeka, na muuzaji yuko hai. Niliona haya kwa sababu kila wiki nagombeza wateja wanaoniletea kitambaa kilichoungua pasi, wamekikunja pale penye doa wakidhani nitakata bila kukifungua.

Mengine yalikwenda haraka. Nilikuwa nataka kesi ifunguliwe kesho yake, akaniuliza cheti cha baraza la kata kiko wapi. Sikuwa nacho. Siku hizi kata wanasuluhisha tu, hawahukumu, lakini lazima upite kwao, wakishindwa wakupe cheti, au zipite siku 30 bila usuluhishi. Jirani alikuwa amenitisha kwamba nimechelewa. Kumbe kudai ardhi ukomo wake ni miaka 12. Akanikataza nisiguse ule msingi, na hapo shemeji alishakusanya vijana wenye nyundo. Nikamuuliza tutashinda? Akasema hawezi kuniahidi. Niliyeahidiwa ushindi kwa wiki mbili nilipenda jibu hilo kuliko nilivyotegemea.

Bei ya kazi nzima ilikuwa milioni na nusu na ushee. Nikabishana naye Kikariakoo, akashuka kidogo, tukagawa kwa hatua: kufungua, kusikilizwa, uamuzi. Yote kwenye mkataba, na kila nikilipa natolewa risiti ya mashine.

Kata walishindwa kutupatanisha, sasa tuko barazani, tunarudi mwezi ujao. Msingi umesimama palepale, kuku wa jirani wanatagia ndani yake. Wiki iliyopita shemeji alileta suruali ipunguzwe kiuno, akazungukazunguka, mwishowe akauliza kama wakili wangu anaweza kumwangalizia kesi ya bodaboda yake. Nikampa namba. Suruali nikamtoza bei ya mgeni.