Herufi H kwenye daftari langu

Zimebaki siku kumi na mbili nirudie mtihani. Usiku huu nimejibu maswali 50 ya mazoezi, nimekosa 11, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuhesabu makosa yangu kwa herufi, H haikuongoza.

Nirudi nyuma kidogo. Mtihani wa leseni ya ustawi wa jamii nilishaufanya mara moja, nikafeli. Nasema ule wa ASWB, muungano wa bodi za leseni za ustawi wa jamii, unaotumika Marekani na baadhi ya sehemu za Kanada. Nilipoufanya ulikuwa maswali 170 kwa saa nne, mbele ya kompyuta. Yaliyohesabiwa yalikuwa 150. Mengine 20 yalikuwa yanafanyiwa majaribio tu, ila huambiwi ni yapi, kwa hiyo yote unayatolea jasho lilelile. Kiwango cha kufaulu hutegemea ugumu wa maswali uliyopangiwa. Wakati huo kilikuwa kati ya majibu sahihi 90 na 107. Mimi nilipungukiwa manne. Manne! Ningekosa arobaini ningelala usingizi mzuri zaidi. Ukifeli, unasubiri siku 90 ndipo urudie.

Mwezi wa kwanza wa kusubiri niliutumia kurundika mambo kichwani. Hatua 8 za ukuaji wa mtu za mwanasaikolojia Erikson nilizikariri hadi nikawa nazitaja nikipiga mswaki. Nikashika muda wa kila ugonjwa katika DSM-5-TR, kitabu cha kutambulia magonjwa ya akili: sonona wiki mbili, skizofrenia miezi sita, msongo wa baada ya kiwewe zaidi ya mwezi. Nilijiona nimeiva. Nikajipima, alama zikabaki palepale.

Ndipo nikafungua daftari la makosa. Kila swali nililokosa naliwekea herufi: S ni sikujua, L ni lugha, H ni haraka. Nilitegemea S ijae. L nayo niliiogopa, maana nasoma Kiingereza huku kichwa kinawaza Kiswahili, na mtihani huu hupenda kuning'iniza swali zima kwenye neno moja: ufanye nini kwanza, nini kinafuata, lipi ni bora zaidi. (Mwaka 2022 ASWB wenyewe walitoa takwimu zilizoonyesha pengo kubwa la ufaulu kati ya watahiniwa weupe na weusi, na ubishi juu ya mtihani huu haujaisha. Nami nina yangu ya kusema, lakini si kabla sijaupita.)

Wiki ya kwanza: S tano, L saba, H ishirini na sita.

Nikazisoma zile H moja moja. Mama anasema hana pa kulala wiki ijayo. Mimi nimechagua kumtafutia makazi. Kijana amegombana na baba yake; nimechagua kuwaita wote wawili. Mzee amekataa dawa. Nimechagua kumweleza faida zake. Kila mahali jibu sahihi lilikuwa dogo, karibu la kuchosha: muulize, msikilize, jua anavyoliona tatizo lake mwenyewe. Nilikuwa nawatibu watu wa kwenye karatasi kabla hawajamaliza sentensi. Tena sikuitoa vitabuni tabia hiyo. Nimeitoa kazini, ambako anayesifiwa ni yule mwenye simu mkononi na jina la mtu wa kumpigia, na foleni mlangoni haimwachii mtu nafasi ya kunyamaza.

Basi nikajitungia kanuni: tathmini kwanza, daima. H zikashuka kwa kasi, nikaanza kujipongeza. Halafu likaja swali la mtu anayesema amepanga kujiua usiku huohuo, na njia ya kufanyia anayo. Nami, mwanafunzi mtiifu, nikachagua kuchukua historia ya familia yake. Hilo nililitazama kwa muda mrefu kuliko yote. Hatari ikiwa mlangoni, usalama hutangulia, hata mbele ya siri ya mteja. Kesi ya Tarasoff, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya California mwaka 1976, naijua kama jina langu: mtu anayetishiwa na mteja anapaswa kulindwa. Naijua, na bado nilikosa, kwa sababu nilijibu kanuni yangu badala ya kumjibu yule mtu. Nililiandikia H vilevile. Ni haraka ya namna nyingine.

Juzi kazini aliingia mtu akiomba barua. Barua ya namna hiyo naiandika kwa dakika tano, na mkono ulikuwa tayari kwenye kibodi. Nikauondoa. Nikamuuliza barua hiyo ingemsaidia nini. Alikaa kimya, nami nikavumilia ukimya wake, jambo ambalo halina alama popote, kisha akasema barua aliambiwa tu aombe. Yeye alikuja kwa jambo jingine. Tulizungumza karibu saa nzima. Foleni ilinuna.

Usiku huu basi: H tatu, L sita, S mbili. L sasa ndizo zinazonisumbua, hasa hilo neno la "bora zaidi", pale majibu yote manne yanapokuwa mazuri. Kesho nitajibu 50 mengine, asubuhi, kabla kichwa hakijachoka. Leo nimejaribu kulirudia moja la mwisho na nimejikuta nimeshachagua kabla sijafika kwenye alama ya kuuliza. Nimelifuta, nimelisoma upya.