Louisa Jordan kabla ya Serbia

Jina la Louisa Jordan, muuguzi Mskoti aliyefia Serbia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lilirudi midomoni mwa watu mwaka 2020, Uskoti ilipoipa jina lake hospitali ya dharura iliyojengwa kwa haraka ndani ya kumbi za maonyesho jijini Glasgow kwa ajili ya wagonjwa wa Uviko. Habari zilizoandikwa wakati huo zilimtaja kwa sentensi mbili tatu, nazo karibu zote zilianzia mahali alipofia. Nimekuwa nikiyafuatilia maisha yake tangu hapo, na kadiri ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyoamini kwamba kifo chake hakieleweki bila kazi aliyoifanya miaka mingi kabla vita havijaanza.

Alizaliwa Maryhill, Glasgow, mwezi Julai 1878, katika familia yenye watoto wengi, baba yake akiwa mfanyakazi wa kuchanganya rangi. Alijifunza na kufanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya magonjwa ya homa ya Shotts, kisha Crumpsall mjini Manchester, na baadaye akawa muuguzi wa jamii, mmojawapo wa wale walioitwa wauguzi wa Malkia, ambao kazi yao ilikuwa kuwatembelea maskini majumbani na kuwahudumia humo humo. Kituo chake cha mwisho kilikuwa Buckhaven, mji wa wavuvi na wachimba makaa ya mawe katika pwani ya Fife. Hayo ndiyo mambo ambayo ningependa yasisitizwe: huyu hakuwa msichana aliyevutwa na msisimko wa vita, bali mwanamke wa miaka 36 aliyekwisha kuwauguza wagonjwa wa kuambukiza, na aliyekuwa akijua jinsi maradhi yanavyohama kutoka kitanda hadi kitanda.

Mwanzoni mwa Desemba 1914 alijiunga na Hospitali za Wanawake wa Uskoti, chombo kilichoanzishwa na daktari Elsie Inglis baada ya Wizara ya Vita ya Uingereza kuikataa huduma yake. Inasimuliwa kwamba Inglis aliambiwa arudi nyumbani akatulie. Ufaransa na Serbia ziliipokea huduma hiyo kwa mikono miwili. Kikosi cha kwanza kilichotumwa Serbia, ambacho Jordan alikuwamo, kikiongozwa na daktari Eleanor Soltau, kilisafiri kwa meli hadi Thessaloniki na kufika mji wa Kragujevac nchini Serbia mapema Januari 1915. Kilikuwa kimejiandaa kwa majeruhi wapatao mia moja, kikakuta wagonjwa zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo wakikisubiri.

Hata hivyo, adui mkubwa hakuwa jeraha. Mwezi Desemba jeshi la Serbia lilikuwa limewafukuza Waaustria na kuteka makumi ya maelfu ya wafungwa, na katika msongamano wa askari, mateka na wakimbizi, katikati ya baridi, bila sabuni wala nguo za kubadilisha, ukazuka ugonjwa wa taifasi. Ugonjwa huu, ambao si homa ya matumbo, huenezwa na chawa wa mwilini, jambo ambalo Charles Nicolle alilithibitisha mjini Tunis mwaka 1909. Chawa humkimbia mgonjwa joto lake linapopanda sana, na vilevile huihama maiti inayopoa, kwa hiyo anayekuwa karibu zaidi na hatari ni yule anayemgeuza mgonjwa, anayemvua nguo na anayemwosha. Huyo ni muuguzi. Madaktari nao walikufa kwa wingi, kiasi cha thuluthi moja ya madaktari wote wa Serbia, na inakadiriwa kuwa janga hilo liliua watu wapatao 150,000.

Katika hospitali nyingine ya Kragujevac alikuwako daktari Elizabeth Ross, Mskoti aliyekuwa akihudumia wodi za homa karibu peke yake. Alipougua, Louisa Jordan alikuwa miongoni mwa waliojitolea kumuuguza. Ross alifariki tarehe 14 Februari 1915. Jordan alichukua usimamizi wa wodi ya taifasi, naye akaugua na kufariki tarehe 6 Machi, siku ishirini tu baada ya Ross. Siku mbili baadaye alifuata Madge Neill Fraser wa kikosi hicho hicho, aliyekuwa akijulikana kwao kama mchezaji hodari wa gofu. Louisa amezikwa katika makaburi ya kijeshi ya Chela Kula mjini Niš, na jina lake limeandikwa pia kwenye mnara wa kumbukumbu wa vita wa Buckhaven, jambo lililonigusa sana, kwa sababu wenyeji wa mji ule walimhesabu kuwa mtu wao ingawa hakuzaliwa kwao.

Anayetaka kuwafuatilia wauguzi wa namna hii atagundua haraka kwamba madaktari waliacha barua na ripoti nyingi, ilhali maisha ya muuguzi huunganishwa kutoka daftari la vizazi, sensa, orodha za kazi na kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2015 Serbia ilitoa stempu za kuwaenzi wanawake sita wa Uingereza waliolisaidia taifa hilo wakati wa vita, na wanne kati yao walikuwa madaktari. Elizabeth Ross yumo. Muuguzi aliyekaa kando ya kitanda chake hayumo. Nadhani Louisa anastahili stempu yake, na ingefaa maelezo yake yaanze na Shotts na Buckhaven, kisha ndipo yafike Kragujevac.